Kwa Baiskeli Hadi Machimboni

Je, umewahi kusafiri kwa baiskeli kutwa nzima, peke yako, kisha ukalala nje chini ya turubai? Mimi nimesafiri hivyo. Mimi ni bwana shamba. Kwa miaka mingi nimezunguka vijiji vya Shinyanga kwa baiskeli yangu aina ya Phoenix. Lakini safari ninayotaka kukueleza leo haikuwa ya kazi. Ilikuwa safari ya kumtafuta mtoto wa dada yangu.

Ilikuwa mwezi wa Agosti, mwaka 2019. Pamba ilikuwa imekwisha kuvunwa. Dada yangu ni mjane. Mwanawe wa kwanza, kijana wa miaka 20, aliondoka nyumbani mwezi wa Machi. Alisema anakwenda kutafuta dhahabu upande wa Geita. Mwanzoni alipiga simu. Kisha miezi 3 ikapita, simu haikulia tena.

Siku moja jioni dada alikuja kwangu. Hakulia. Alikaa kwenye kigoda akasema, "Kaka, wewe unazijua barabara. Nenda ukamtazame mwanangu. Kama yu hai, nijue. Kama amekufa, nijue pia."

Nilimwambia nitakwenda.

KWA NINI BAISKELI?

Labda utauliza, kwa nini sikupanda basi? Basi hupita barabara kuu tu. Machimbo madogo yako ndani, porini. Tena nilikuwa sijui kijana yuko machimbo yapi. Mtu wa baiskeli husimama anapotaka. Husalimiana na watu, naye huambiwa habari ambazo abiria wa basi hazisikii.

Kabla ya kuondoka nilimuuliza kijana mmoja wa kijijini kwetu aliyerudi kutoka machimboni. Aliniambia, "Nilimwona upande wa Bukoli. Alikuwa anaosha mawe." Habari hiyo ilinitosha kuanzia.

Safari ndefu ya baiskeli inataka matayarisho. Nilikaza spoku. Nilitia mafuta kwenye mnyororo. Nilitazama breki zote mbili. Nyuma, kwenye keria, nilifunga turubai, chandarua, blanketi na sufuria ndogo. Nilichukua galoni ya maji ya lita 5. Chakula changu kilikuwa michembe, karanga na unga wa udaga. Katika mfuko mdogo niliweka pampu, spana, viraka na gundi. Nilichukua pia daftari na kalamu. Utaona baadaye jinsi daftari lile lilivyonisaidia.

Siku ya kwanza nilitoka Shinyanga mjini hadi Kahama, kupitia Tinde na Isaka. Ni zaidi ya kilomita 100. Barabara ni ya lami, na malori ya kwenda Rwanda na Burundi hupita kwa kasi. Kila niliposikia lori nyuma yangu nilishuka pembeni. Nilifika Kahama salama, nikalala kwa bwana shamba mwenzangu. Safari yenyewe ninayotaka kukueleza ilianza kesho yake.

ALFAJIRI

Niliondoka Kahama saa 11 alfajiri. Nilishika njia ya kaskazini, ya kwenda Kakola na Geita. Wakati ule barabara ilikuwa ya vumbi. Hewa ilikuwa baridi. Majogoo yaliwika huku na huku. Jua lilipotoka nilikuwa nimekwisha kwenda kilomita nyingi, na jasho lilikuwa halijanitoka.

Hiyo ndiyo siri ya safari ya baiskeli wakati wa kiangazi. Tembea alfajiri na asubuhi. Pumzika jua likiwa kali. Endelea tena alasiri. Tena, kunywa maji kidogo kidogo kabla hujasikia kiu. Ukingoja mpaka kichwa kiume, umekwisha chelewa.

Wazee niliokutana nao walikuwa wakipeleka ng'ombe majini. Nilisimamisha baiskeli, nikawaamkia, "Mwangaluka!" Wakaitikia, "Mwangaluka mhola!" Kila niliposimama nilimuulizia kijana wangu. Wengi walitikisa kichwa. Mzee mmoja alisema, "Vijana wote wamekwenda huko unakokwenda wewe. Hapa tumebaki sisi na ng'ombe."

Neno lile lilinikaa moyoni kwa muda mrefu.

MITI ILIYORUDI

Kabla ya saa 4 nilipita pembeni mwa ngitili kubwa. Ndugu msomaji wa Usukumani, wewe unajua ngitili ni nini. Kwa wasomaji wa mahali pengine nitaeleza. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua. Ng'ombe hawaingizwi. Majani na miti huota kwa amani. Kiangazi kikiwa kikali na majani yakiisha kwingine, ndipo ngitili hufunguliwa kidogo kidogo ili mifugo ile.

Nilikaa kivulini mwa mgunga nikakumbuka historia ya mkoa wetu. Zamani Shinyanga ilikuwa na misitu. Kuanzia miaka ya 1920 miti mingi ilikatwa ili kuwafukuza ndorobo, wale mbung'o wanaoleta ugonjwa kwa ng'ombe na kwa watu. Kisha watu walifyeka zaidi kwa ajili ya mashamba ya pamba, na walikata kuni. Mifugo nayo ilikuwa mingi. Nchi ikabaki tupu. Watu wakaanza kuiita jangwa.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa HASHI. Wataalamu hawakuleta jambo geni. Walikwenda kwa wazee wakawauliza, "Ninyi zamani mlifanyaje?" Wazee wakajibu, "Tulikuwa na ngitili." Basi ngitili zikarudishwa, za watu binafsi na za vijiji. Mpango ulipoanza, ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 na kidogo tu. Miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata tuzo ya Umoja wa Mataifa.

Ardhi ile ilikuwa imechoka. Watu waliipumzisha, wakangoja, nayo ikarudi. Sheria kubwa ilikuwa moja tu: usiingize ng'ombe kabla ya wakati.

PANCHA

Mgunga hutoa kivuli, lakini pia hutoa miiba. Nilipopanda baiskeli tena sikufika mbali. Gurudumu la nyuma lilikaa chini.

Nilipindua baiskeli, nikatoa mpira wa ndani. Nyumbani tungeuzamisha kwenye beseni la maji na kutazama mapovu. Mimi sikutaka kumwaga maji yangu ya kunywa. Niliupiga upepo, kisha nikaupitisha polepole karibu na shavu langu. Upepo mdogo ukanigusa. Nikapata tundu. Nikasugua mahali pale, nikapaka gundi, nikangoja ikauke, ndipo nikabandika kiraka.

Sikiliza jambo hili. Kabla ya kurudisha mpira, pitisha kidole ndani ya tairi lote, polepole. Mwiba uliotoboa huwa bado umo. Usipoutoa, kiraka chako ni kazi bure. Mimi nilikuta miiba 2.

MCHANA, KAKOLA

Jua lilipokuwa juu kabisa nilipumzika karibu na kisima cha kijiji, nikala michembe na karanga. Mama mmoja alinijazia galoni yangu. Akanionyesha kijito kilichokuwa mbele. "Yale usinywe, bwana," alisema. "Huko juu wanaosha mawe."

Nilisema, "Je, nikiyachemsha?"

Akacheka. "Bwana shamba, utachemsha zebaki?"

Mama yule alisema kweli. Ndugu msomaji, kuchemsha maji huua vijidudu vya kuhara na kipindupindu. Endelea kuchemsha maji yako. Lakini kuchemsha hakuondoi zebaki. Maji yenye zebaki ni ya kuepukwa tu. Chota maji mahali palipo mbali na mialo, yaani mahali pa kuoshea mawe ya dhahabu.

Baada ya mapumziko nilipita Bugarama, nikafika Kakola. Hapo upo mgodi mkubwa wa Bulyanhulu. Ulianza kutoa dhahabu mwaka 2001. Ni mgodi wa chini ya ardhi. Mpita njia huona uzio, malori, nyumba na maduka. Dhahabu yenyewe haonyeshwi.

Dhahabu ya nchi hii si habari ya jana. Huko Geita mgodi wa zamani ulianza miaka ya 1930, ukafungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa wa Geita ulianza mwaka 2000. Na mgodi wa Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, ulianza mwaka 2009 ukafungwa mwaka 2021. Hesabu mwenyewe. Ni miaka 12. Mtoto aliyezaliwa mgodi ulipofunguliwa alikuwa bado shule ya msingi mgodi ulipofungwa.

JIONI, MACHIMBONI

Alasiri nilivuka nikaingia Mkoa wa Geita. Karibu na Bukoli vijana wa pikipiki walinielekeza machimbo ambayo kijana wangu huenda yuko. Nilifika saa 11 jioni. Nilikuwa nimekwenda zaidi ya kilomita 80 tangu Kahama. Magoti yaliuma. Nilikuwa mwekundu kwa vumbi.

Mahali pale palikuwa na kelele. Makarasha yalikuwa yanasaga mawe. Vijana walitoka ndani ya maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, wakiwa weupe kwa unga wa mawe kama watu waliomwagiwa unga wa sembe. Kwenye mialo wengine walimwaga tope juu ya viroba vilivyotandikwa. Dhahabu ni nzito. Hubaki kwenye viroba, mchanga ukienda na maji.

Mpwa wangu alikuwa amechutama mbele ya beseni. Alikuwa amekonda. Mikono yake mitupu ilikuwa ndani ya tope, akichanganya zebaki. Nilisimama nyuma yake. Sikujua nianze vipi. Mwishowe nikamwita kwa jina.

Aligeuka. "Shikamoo, mjomba," alisema. Kisha akatazama chini.

"Marahaba. Mama yako anakusalimu."

Hakujibu. Alinawa mikono yake polepole sana.

USIKU CHINI YA TURUBAI

Kijana alikuwa anaishi na wenzake 6 katika kibanda cha miti na nailoni. Hapakuwa na nafasi. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, nikamweleza mimi ni nani na nimekuja kwa jambo gani. Akanionyesha mwembe nje kidogo ya makazi. Nawe, ukisafiri, fanya hivyo hivyo. Usilale katika ardhi ya watu kabla ya kuonana na kiongozi wa mahali.

Nilifunga turubai kati ya mwembe na baiskeli yangu. Nikatundika chandarua. Tukawasha moto, tukapika ugali wa udaga na dagaa alizoleta mpwa wangu. Alikuwa akikohoa. Nilimuuliza kwa nini hapigi simu.

"Niliugua, mjomba. Niliuza simu nikanunua dawa. Nikaona aibu kumwambia mama."

Tuliongea mpaka moto ukabaki makaa. Nilimwambia arudi nyumbani kulima. Ndipo akaniuliza swali moja.

"Mjomba, pamba tuliyouza, mama amelipwa?"

Nilinyamaza. Alikuwa hajalipwa. Mwaka ule wakulima wengi wa pamba walicheleweshewa malipo yao kwa miezi. Mimi niliyewafundisha kupanda kwa mistari na kupiga dawa, sikuwa na jibu.

"Hapa," akasema, "nikipata dhahabu asubuhi, jioni nina pesa mkononi."

Basi nikachukua daftari. Nikamwambia, "Tusibishane. Tuandike."

Tuliandika kwa mwanga wa tochi. Tangu Machi alikuwa amekaa pale karibu siku 150. Tulijumlisha migao yote aliyoikumbuka. Ikafika shilingi 780,000. Macho yake yaling'aa. Kisha tukaandika matumizi. Chakula kilikuwa shilingi 3,500 kwa siku. Kwa siku 150 ni shilingi 525,000. Buti, nyundo na tochi ni shilingi 85,000. Dawa, mbali na fedha za simu, ni shilingi 60,000. Jumla ya matumizi ni shilingi 670,000. Zilipaswa kubaki 110,000. Mfukoni alikuwa na 30,000.

"Na 80,000 nyingine?" nikamuuliza.

Alicheka kwa aibu. Hakusema, nami sikuuliza tena.

Kisha tukaandika za mama yake. Pamba kilo 500, kwa shilingi 1,200 kila kilo, ni shilingi 600,000. Tukatoa mbegu, dawa na vibarua, shilingi 110,000. Zikabaki 490,000, ambazo zilikuwa hazijalipwa. Lakini tuliandika pia magunia 7 ya mahindi. Hayo hayakungoja mnunuzi. Yalikuwa ghalani.

Kijana alizitazama kurasa zile mbili kwa muda mrefu. Akasema, "Mjomba, sikuwahi kuandika."

Mara tukasikia miguu. Tochi zikatumulika machoni. Walikuwa sungusungu, watu 5 wenye fimbo. Walinzi hawa walianza huku kwetu, kwa Wasukuma na Wanyamwezi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ili kuzuia wizi wa ng'ombe. Nilisimama, nikawasalimu, nikamtaja mwenyekiti. Wakatulia. Mmoja akaona daftari akauliza, "Mnaandika nini usiku huu?"

"Hesabu ya dhahabu na pamba," nikasema.

Akacheka. "Ukipata jibu, uje utuambie na sisi." Wakaenda zao.

MAPATANO YETU

Asubuhi sikuondoka na mpwa wangu. Nisikudanganye, ndugu msomaji. Alikataa. Alikuwa na mgao anaoungoja. Lakini tulipatana mambo 4, nikayaandika, naye akaweka sahihi yake.

Jambo la 1, asiguse zebaki kwa mkono mtupu, wala asiichome bila chombo cha kunasa moshi. Dhahabu iliyoshikana na zebaki ikichomwa motoni, zebaki huwa mvuke. Mvuke huo hauonekani. Ukiuvuta huharibu ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Hudhuru pia mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo usichome ndani ya nyumba wala karibu na jiko. Mwaka 2013 nchi nyingi duniani zilifanya mkataba wa kupunguza zebaki, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Jambo la 2, asivute unga wa mawe. Mawe yamwagiwe maji kabla ya kupondwa. Unga huo huumiza mapafu, na mapafu yaliyoumia hushikwa upesi na kifua kikuu. Kikohozi chake akipeleke hospitali.

Jambo la 3, asiingie duara lisilo na matimba, yaani magogo ya kuzuia kifusi, wala asiingie wakati wa mvua. Nilimkumbusha habari za Nyangarata, Wilaya ya Kahama. Mwezi wa Oktoba 2015 watu 6 walifukiwa na kifusi huko. Watano waliokolewa wakiwa hai baada ya siku 41. Siku 41 gizani, ndugu zangu.

Jambo la 4, mvua za kwanza zikinyesha, arudi nyumbani alime. Na ampigie mama yake simu siku ile ile.

Alipiga kwa simu yangu. Nilisogea kando wakaongea. Dada alikuwa halii siku zote, lakini siku ile nilisikia sauti yake kutoka mbali.

ALIRUDI?

Alirudi. Mwezi wa Novemba alifika na kikohozi kilichopungua na shilingi 90,000. Fedha za pamba nazo zilikuwa zimelipwa mwezi ule. Alilima ekari 2 za mahindi na mtama. Baada ya mavuno alikwenda tena machimboni. Tangu hapo hufanya hivyo. Masika yuko shambani, kiangazi yuko machimboni. Yeye na wenzake walichanga wakanunua chombo cha kunasa moshi. Na kila jioni huandika katika daftari: kilichoingia, kilichotoka.

Mimi bado napenda awe mkulima tu. Yeye anasema miguu miwili ni bora kuliko mmoja. Mwaka juzi alifunga kipande cha shamba la mama yake kiwe ngitili. Sikumwambia mimi.

ZUNGUMZENI KATIKA KIKUNDI CHENU

1. Katika kijiji chenu ni vijana wangapi wamekwenda machimboni? Wangapi hupiga simu nyumbani?

2. Maji mnayokunywa yanatoka wapi? Je, huko juu kuna mtu anayeosha mawe?

3. Kila mmoja aandike mapato na matumizi yake ya mwezi uliopita. Je, kuna fedha ambazo hamjui zilikwenda wapi?

4. Kijana akiuliza, "Pamba imelipwa?", ninyi mtamjibu nini?